Nguzo za Karatasi za Shigeru Ban

Kuna picha moja ambayo nimekuwa nikiirudia kwa miaka mingi, na ndiyo iliyonifanya nianze kumsoma Shigeru Ban, msanifu majengo wa Kijapani. Inaonyesha ukumbi mdogo wenye umbo la yai, uliozungukwa na nguzo nene za rangi ya kahawia hafifu, ambazo upande mmoja zimesogeleana hadi kuwa ukuta, na upande mwingine zimeachana kiasi cha kupitisha mwanga na watu. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni magogo yaliyopigwa randa vizuri. Maelezo yaliyoandikwa chini yake yalisema kwamba nguzo zile ni mabomba ya karatasi, ndugu wa lile bomba linalokaa katikati ya jora la kitambaa, na kwamba ukumbi wenyewe ni kanisa lililojengwa na watu wa kujitolea mjini Kobe, Japani, mwaka 1995, kwa ajili ya waumini ambao tetemeko la ardhi na moto vilikuwa vimewaachia majivu.

Tangu siku hiyo nimefuatilia kazi zake kadiri nilivyoweza, na kila ninapoona akitajwa kwa kifupi kama msanifu majengo wa karatasi, nahisi kuna jambo limeachwa nje. Karatasi ilimjia kwa sababu alikuwa na jicho la mtu asiyependa kutupa kitu. Ikakomaa mikononi mwake kwa sababu aliamua, mapema kabisa katika maisha yake ya kazi, kuwahesabu watu wasio na kitu kuwa wateja wake, wenye haki ya kupewa akili yake yote kama anavyopewa mwenye fedha. Nataka kueleza jinsi ninavyoliona jambo hilo katika majengo yake.

Ban alizaliwa Tokyo tarehe 5 Agosti 1957. Baba yake alifanya kazi katika kampuni ya magari ya Toyota, na mama yake alikuwa mbunifu wa mavazi ya wanawake. Nyumba yao ilikuwa ya mbao, na mara kwa mara mafundi seremala waliitwa kuja kuikarabati. Mtoto alivutwa na harufu ya mbao na namna mafundi wale walivyofanya kazi. Aliokota vipande walivyovitupa, akavitengenezea vitu vyake, na akatamani akikua naye awe seremala. Sitaki kuipamba hadithi hii kuliko inavyostahili, kwa kuwa watoto wengi wameokota vipande vya mbao na hawakuwa wasanifu. Ninaitaja kwa sababu tabia ile ya kuokota haikumtoka.

Mwaka 1977 alikwenda Marekani. Alisoma kwanza katika chuo cha usanifu cha SCI-Arc, California, kisha mwaka 1980 akahamia Cooper Union, New York, ambako shule ya usanifu ilikuwa chini ya John Hejduk, mtu aliyewafundisha wanafunzi wake kuanza na maumbo ya msingi, kama mraba, duara na mstari, na kuyachunguza hadi yatoe kila yaliyo nayo. Katikati ya masomo alirudi Tokyo kwa mwaka mmoja kufanya kazi katika ofisi ya msanifu mashuhuri wa Kijapani, Arata Isozaki. Alihitimu mwaka 1984, na mwaka uliofuata akafungua ofisi yake mwenyewe Tokyo, akiwa na umri wa miaka 28, bila kupita katika ile safari ndefu ya uanagenzi ambayo wasanifu wengi hupita kabla ya kuthubutu kuweka jina lao mlangoni.

Mwanzoni kazi hazikuwa nyingi. Miongoni mwa alizozipata ilikuwa kuandaa maonyesho ya kazi za Alvar Aalto, msanifu wa Finland, yaliyofanyika Tokyo mwaka 1986. Aalto alipenda sana mbao, na ingefaa ukumbi wa maonyesho yake uwe wa mbao. Lakini mbao zilikuwa ghali kwa bajeti ile, na Ban aliona uchungu kutumia mbao nyingi kwa maonyesho ya wiki chache ambayo baada ya hapo yangevunjwa na kutupwa. Ofisini kwake kulikuwa na mabomba ya karatasi yaliyobaki baada ya karatasi za kuchorea ramani kwisha, ambayo alikuwa akiyahifadhi kwa sababu hakupenda kuyatupa. Alikwenda kwenye kiwanda kinachoyatengeneza, akagundua kwamba yanaweza kukatwa kwa urefu wowote, kwa kipenyo na unene wowote, na kwa bei nafuu, akayatumia kwa dari na kuta za maonyesho. Alipoyashika na kuyapima kwa mikono yake alishangaa kwamba yalikuwa na nguvu kuliko alivyotarajia.

Bomba la karatasi hutengenezwa kwa kuzungusha vipande virefu vya karatasi, mara nyingi iliyokwisha kutumika na kusagwa upya, kwa mshazari, tabaka juu ya tabaka, huku vikipakwa gundi. Mtu akilisimamisha na kuliwekea uzito juu, mzigo husambaa kuzunguka mduara wote, na ndiyo maana kitu ambacho kikiwa bapa hukunjwa kwa vidole, kikiwa bomba hubeba paa. Unyevu ni adui yake, lakini linaweza kupakwa dawa ya kuzuia maji, na vilevile linaweza kutiwa kinga ya moto. Ban hupenda kusema kwamba uimara wa jengo hautokani na uimara wa kitu kilichotumika kulijenga; jengo la zege linaweza kubomolewa na tetemeko, na jengo la karatasi likasalia. Kauli hiyo niliiona ya kujitapa nilipoisoma mara ya kwanza. Nilipojua miaka aliyotumia kuithibitisha, niliacha kuiona hivyo.

Kwa uthibitisho alimhitaji mhandisi. Alimpata Gengo Matsui, profesa mkongwe wa Chuo Kikuu cha Waseda, ambaye alikubali kuketi na kijana huyu na kupiga hesabu za nguvu za kitu ambacho hakuna kitabu cha uhandisi kilichokitaja. Walipima mabomba kwa kuyagandamiza, kuyapinda na kuyaloanisha. Mwaka 1993 mabomba ya karatasi yakakubaliwa rasmi chini ya sheria ya ujenzi ya Japani kama kitu kinachoweza kubeba jengo la kudumu, na mwaka 1995 Ban akakamilisha nyumba ndogo kando ya Ziwa Yamanaka, karibu na Mlima Fuji, ambayo sakafu yake ina mabomba yaliyopangwa kwa mkunjo unaofanana na herufi S. Ilikuwa nyumba yake mwenyewe ya mapumziko, na sababu hasa ya kuibuni ilikuwa kupata kibali hicho. Nchi yenye matetemeko mengi kama Japani haitoi kibali cha namna hiyo kirahisi, na naona haki kumkumbuka Matsui kila nguzo hizi zinaposifiwa.

Mwaka 1994, yapata watu milioni 2 walikimbia Rwanda baada ya mauaji ya kimbari. Ban aliona katika gazeti picha za wakimbizi wamejifunika mablanketi wakitetemeka kwa baridi ya msimu wa mvua. Makazi waliyopewa yalikuwa maturubai ya plastiki, na fito za kuyasimamishia walitakiwa kuzikata wenyewe. Kwa umati ule, misitu ikateketea kwa kasi ya kutisha. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilijaribu kutoa nguzo za alumini badala ya miti. Wakimbizi waliziuza, kwa kuwa alumini ina bei sokoni, na wakarudi kukata miti. Ban alisafiri hadi makao makuu ya shirika hilo Geneva kupeleka pendekezo kwamba nguzo ziwe mabomba ya karatasi, ambayo ni mepesi kusafirisha, yanaweza kutengenezwa karibu na kambi kwa mashine rahisi, na hayana bei ya kumshawishi mtu ayauze. Aliajiriwa kuwa mshauri. Majaribio yalifanyika Ulaya, na mwaka 1999 vibanda 50 vya mfano vikasimamishwa katika kambi ya Byumba, nchini Rwanda.

Vibanda 50 kwa watu milioni 2. Msomaji atakuwa amekwisha kuifanya hesabu hiyo kichwani kabla sijaiandika, na mimi pia nimeifanya mara nyingi. Ni kweli kwamba kazi za Ban za maafa, kwa idadi yake, haziwezi kushindana na maturubai yanayoshushwa kwa malori. Hata hivyo naona kwamba swali aliloliuliza pale lilikuwa la kisanifu kabisa na hakuna aliyekuwa amelishughulikia: nguzo ya hema inatoka wapi, inamgharimu nani, na nini kinatokea mlimani baada ya kukatwa? Alumini ilishindwa kwa sababu aliyeichagua hakuwa amefikiria maisha ya mtu atakayeipokea. Ban alifikiria, na jibu lake likawa kitu kisichouzika.

Wakati mazungumzo hayo ya Geneva yakiendelea, nyumbani kwake kukatokea maafa. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995 tetemeko liliipiga Kobe na maeneo yanayoizunguka. Zaidi ya watu 6,000 walikufa, na moto ukaenea katika mitaa ya nyumba za mbao, mmojawapo ukiwa Nagata, eneo la viwanda vidogo vya viatu ambako wahamiaji wengi kutoka Vietnam walikuwa wakiishi na kufanya kazi. Kanisa Katoliki la Takatori, walikokuwa wakisali, liliungua. Ban alisikia habari zao akapanda treni kwenda kuwaona, akawakuta wakisali nje, wamezunguka moto, mahali kanisa lilipokuwa.

Alimwendea padri na wazo la kujenga kanisa la karatasi. Padri alikataa, na ni nani angemlaumu? Kanisa lake lilikuwa limeungua majuma machache tu kabla, na mgeni kutoka Tokyo alikuwa akimwambia ajenge jingine kwa kitu ambacho kila mtoto anajua kinavyowaka. Ban hakubishana naye sana. Alirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Katika kurudi kwake alikuja kujua kwamba familia nyingi za Kivietnam zilikuwa zikiishi katika bustani ya jiji chini ya maturubai yaliyovuja mvua na kuwa kama tanuri jua likiwaka, na kwamba hazikutaka kuhamia kwenye nyumba za muda za serikali kwa sababu ziko mbali, ambako wangepoteza kazi zao na majirani wanaozungumza lugha yao. Basi akaanza na nyumba zao.

Nyumba hizo nazipenda kuliko majengo yake yote makubwa. Msingi ni kreti za bia zilizojazwa mifuko ya mchanga, kuta ni mabomba ya karatasi yaliyosimama bega kwa bega, yenye unene wa milimita 4, na kati ya bomba na bomba kuna mkanda wa sponji wenye gundi wa kuzuia upepo na maji. Dari na paa ni vya hema, na ncha za paa zinaweza kufunguliwa wakati wa joto hewa ipite, na kufungwa wakati wa baridi. Hakuna kifaa kizito kinachohitajika, wala fundi aliyebobea. Wanafunzi na wakazi wenyewe walizijenga. Wakati mmoja nilijiuliza kwa nini kreti za bia na si kitu kingine. Jibu ni kwamba baada ya maafa kila kitu kinachoitwa vifaa vya ujenzi hupanda bei na kuadimika, kwa hiyo Ban hutafuta vitu ambavyo havimo katika orodha hiyo. Mfanyabiashara wa mbao anajua kwamba watu wanajenga upya. Mwenye kiwanda cha mabomba ya karatasi na mwenye ghala la kreti hawana habari.

Baada ya kuziona nyumba, na baada ya kuona kwamba Ban angetafuta fedha za ujenzi yeye mwenyewe, padri alikubali. Watu wa kujitolea 160 walijenga kanisa kwa wiki tano, na likakamilika Septemba 1995. Ganda la nje lilikuwa mstatili wa mita 10 kwa 15, lililofunikwa kwa mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, na ndani yake zikasimamishwa nguzo 58, kila moja ikiwa na urefu wa mita 5 na kipenyo cha sentimita 33 hivi, zikifuata umbo la yai. Hapo ndipo mahali pa picha niliyoianza nayo. Nyuma ya madhabahu nguzo zimebanana ili macho yasitangetange, na upande wa kuingilia zimeachiana nafasi ili ukumbi uungane na uwanja wa nje, watu wakizidi waketi nje na bado wawe ndani ya misa.

Lilikusudiwa kudumu miaka michache tu. Lilidumu kumi. Lilipofika mwaka 2005 na wakati wa kujenga kanisa la kudumu, watu wa Takatori hawakulitupa. Lilifunguliwa kipande kwa kipande, likapakiwa, likapelekwa Taiwan, katika kijiji cha Taomi, Puli, eneo ambalo lilikuwa limeharibiwa na tetemeko la Septemba 1999, na likazinduliwa tena huko mwaka 2008 kama ukumbi wa jamii. Ban amesema mara nyingi, kwa maneno tofauti tofauti, kwamba jengo la karatasi linaweza kuwa la kudumu ikiwa watu wanalipenda, na jengo la zege lililojengwa kwa ajili ya kupata faida tu linaweza kuwa la muda, kwa kuwa mwenye faida kubwa zaidi atakuja kulivunja. Akiwa na kanisa la Takatori mkononi, hana haja ya kutafuta mfano mwingine.

Mwaka huohuo wa 1995 alianzisha shirika la wasanifu wa kujitolea, Voluntary Architects' Network, na tangu hapo orodha ya mahali alipokwenda inafuatana na ramani ya maafa ya dunia: Uturuki, India, Sri Lanka baada ya tsunami, Sichuan nchini China, L'Aquila nchini Italia, Haiti. Nyumba ya Kobe ilibadilika kila ilipofika ugenini, na kilichopatikana pale ndicho kilichotumika. Nchini India, baada ya tetemeko la Gujarat la 2001, kreti hazikupatikana, basi msingi ukawa wa vifusi vya nyumba zilizobomoka, ukafunikwa kwa sakafu ya udongo, na paa likaezekwa kwa mianzi na mikeka. Kuanzia Sichuan, ambako mwaka 2008 alijenga na wanafunzi madarasa ya muda ya shule ya msingi mjini Chengdu, hadi leo, wanafunzi wa usanifu ndio mikono yake mikubwa.

Yapo pia majengo ya wenye uwezo, na sitaki kuyapita kana kwamba hayanihusu, kwa sababu ndiyo yanayonishawishi kwamba ninamwelewa sawasawa. Banda la Japani katika maonyesho ya dunia ya Hannover mwaka 2000, alilolibuni akishauriana na Frei Otto, bingwa wa Kijerumani wa majengo mepesi, lilikuwa paa moja kubwa la mawimbi, lenye urefu wa karibu mita 74, lililosukwa kwa mabomba marefu ya karatasi yaliyofungwa kwenye makutano. Misingi ilikuwa masanduku yaliyojazwa mchanga, kwa kuwa Ban alitaka siku ya kuvunja jengo kusibaki zege la kutupa, na karatasi yote irudi kiwandani. Wakaguzi wa Ujerumani walidai liongezewe fremu ya mbao, na juu ya utando wa karatasi liwekwe tabaka la plastiki, ingawa Ban aliamini karatasi ingetosha, na masikitiko yake hakuyaficha. Mimi nawaelewa wakaguzi. Maelfu ya watu walikuwa wapite chini ya paa lile. Lakini kwangu uzuri wa kazi ile umo katika swali ambalo wasanifu wachache huanza nalo: jengo hili litakwenda wapi siku ya mwisho wake?

Kisha kuna Kituo cha Pompidou cha Metz, mashariki mwa Ufaransa, tawi la kituo cha sanaa cha Paris chenye jina hilo, kilichofunguliwa Mei 2010, ambacho Ban alikibuni pamoja na Jean de Gastines baada ya kushinda shindano la mwaka 2003. Wazo la paa lake lilitoka kwenye kofia ya Kichina ya mianzi aliyoikuta katika duka moja mjini Paris. Alivutwa na jinsi kofia ile ilivyokuwa nyumba kamili: mianzi iliyosukwa ndiyo mifupa, karatasi yenye mafuta ndiyo inayozuia maji, na majani makavu katikati ndiyo yanayozuia joto. Paa la Metz ni mbao zilizounganishwa kwa gundi na kupindwa, zikapitana juu na chini na kuacha matundu ya pembe sita na pembe tatu, na mtu aliyewahi kumtazama msusi wa tenga hatahitaji kuelezwa nguvu yake inatoka wapi. Wakati wa kazi hiyo ofisi yake ya Paris ilikuwa banda la mabomba ya karatasi alilolijenga pamoja na wanafunzi juu ya baraza la Kituo cha Pompidou chenyewe, nao wakaishi humo kikazi kwa miaka kadhaa. Jengo la ofisi la ghorofa saba alilolikamilisha Zürich mwaka 2013 nalo limesimama juu ya fremu ya mbao ambayo viungo vyake havina vyuma: mbao zimeingizwa ndani ya mbao kwa hila ambazo, naamini, maseremala wa utoto wake wangezitambua.

Mengine nitayataja tu: nyumba ya Tokyo ya mwaka 1995 ambayo kuta zake za nje ni mapazia makubwa yanayopepea, ukumbi wa muziki wa La Seine Musicale karibu na Paris, na vile vyoo vya bustani mbili za Shibuya vya mwaka 2020, vyenye kuta za kioo ambazo huonyesha ndani hadi mtu anapofunga mlango kwa ufunguo, ndipo zinapofifia na kumficha.

Kinachonigusa ni kwamba pazia lile la nyumba ya Tokyo lilirudi, kwa namna ya kawaida kabisa, katika kumbi za shule. Baada ya tetemeko Japani, watu walionusurika hulazwa sakafuni katika kumbi za michezo, mamia kwa mamia, bila kitu cha kumtenga mtu na jirani yake. Mama hana pa kunyonyeshea, mzee hana pa kubadilishia nguo, na aliyefiwa hana pa kulilia. Tangu tetemeko la Niigata la mwaka 2004 Ban amekuwa akitengeneza vyumba vya muda vya ndani ya kumbi hizo, na kila mara akivirahisisha, hadi vikawa nguzo za mabomba ya karatasi, mabomba membamba yanayopitishwa kwenye matundu yake, na pazia la kitambaa lililobanwa kwa pini. Watu watatu wanaweza kusimamisha chumba kwa dakika chache. Baada ya tsunami ya Machi 2011 alizunguka na wanafunzi wake kaskazini mashariki mwa Japani wakienda kutoka ukumbi hadi ukumbi, na wasimamizi wengi waliwakatalia, kwa hoja kwamba hakuna mfano wa jambo hilo na kwamba watu waliojificha nyuma ya mapazia ni vigumu kuwaangalia. Walipokubaliwa mahali pamoja, wengine walikuja kuona, na hatimaye vikawekwa vyumba zaidi ya 1,800 katika vituo vipatavyo 50.

Mwaka huohuo, katika mji wa pwani wa Onagawa, ambako nchi tambarare ilikuwa adimu, aliyapanga makontena ya meli hadi ghorofa tatu juu ya uwanja wa besiboli, akiacha nafasi kati ya kontena na kontena kama nyumba za ubao wa drafti. Ndani ya kontena viliwekwa vyumba vya kulala na bafu, na nafasi iliyoachwa ikawa sebule pana yenye kioo. Familia 189 zilihamia hapo. Zilikuwa nyumba za muda, lakini Ban alizitengenezea makabati yake ya kutosha, kwa sababu alikuwa ameona jinsi makazi mengine ya muda yanavyojaa vitu hadi mtu hana pa kuketi.

Mwaka 2013 kanisa kuu la muda la Christchurch, New Zealand, lilifunguliwa, badala ya lile lililoharibiwa na tetemeko la Februari 2011 ambalo liliua watu 185, wakiwamo Wajapani 28. Ban hakutoza malipo ya ubunifu. Mabomba yaliyopatikana huko hayakuwa manene kiasi alichotaka, kwa hiyo yalitiwa boriti za mbao ndani, jambo ambalo wapo wanaolitumia kusema kwamba kanisa hilo si la karatasi kweli. Naona hoja yao ina uzito kwa mtu anayempenda Ban kwa sababu ya karatasi. Kwa waumini 700 wanaoweza kuketi humo, nadhani swali halijawahi kuwa hilo.

Alipopewa Tuzo ya Pritzker mwaka 2014, ambayo kwa wasanifu ndiyo kilele, aliipokea kama himizo la kuendelea na kazi ileile na kukua ndani yake, bila kubadilika. Nimemfuatilia kuona kama atalitimiza hilo. Mwaka 2017 Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi lilimwomba abuni nyumba za wakimbizi wa Kalobeyei, Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, na alikwenda kuyaona maisha ya pale kwanza, ukame wake na uhaba wa miti, kabla ya kuchora nyumba ambazo mtu anaweza kuzijenga bila msimamizi wa kitaalamu na kwa vitu vinavyopatikana karibu. Mwaka 2022 mapazia yake yalisimamishwa Poland kwa ajili ya watu waliokimbia vita Ukraine, yakiwamo yale ya mji wa Chełm, ambako wakimbizi walilazwa katika jengo lililokuwa duka kubwa.

Na siku ya mwaka mpya wa 2024, tetemeko lilipoipiga rasi ya Noto, wanafunzi na mabomba ya karatasi walikuwa njiani tena. Safari hii, tofauti na ile ya 2011, hawakuwa wakibisha hodi kwa watu wasiowajua: ndani ya miaka hiyo, serikali kadhaa za mikoa na miji ya Japani zilikuwa zimetia saini mapatano na shirika la Ban kwamba maafa yakitokea, vyumba vya mapazia viletwe.